MFUPA, MAJI NA SAA: HISTORIA YA PICHA ZA NYUKLIA ZA MIFUPA NA NAFASI YAKE KATIKA UWANDA WA KATI WA TANZANIA

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya picha za mifupa zinazopigwa kwa njia ya tiba ya nyuklia, tangu majaribio ya miaka ya 1930 hadi kipimo hiki kilipoenea hospitalini, na kuihusisha na uwanda wa kati wa Tanzania, hususani Dodoma na Singida. Hoja kuu ni kwamba kipimo hiki kilikua kwa kutafuta suluhu ya tatizo la muda na umbali, na kwamba kwa mgonjwa wa uwanda wa kati tatizo hilo liliendelea kuwapo hata baada ya suluhu ya kisayansi kupatikana. Aidha, insha inaonesha kuwa floraidi iliyomo katika maji ya baadhi ya maeneo ya uwanda huu inagusa kipimo chenyewe, hivyo usomaji wa picha hautenganishwi na historia ya maji.

1.0 Utangulizi

Maumivu ya mgongo na nyonga kwa mtu mzima hayana chanzo kimoja. Kwa mkulima wa mtama na uwele wa Kongwa au Chamwino aliyeshika jembe kwa miaka 40, maumivu hayo huweza kutokana na kuchakaa kwa viungo, mfupa uliovunjika zamani ukaunga vibaya, kifua kikuu cha uti wa mgongo, au saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa hadi mifupani. Kwa mwanamke aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti, maumivu mapya ya mbavu huweza kuwa jambo dogo, na huweza pia kuwa dalili kwamba ugonjwa umerejea. Tiba ya kila hali ni tofauti na ya nyingine. Anayeugua kifua kikuu akidhaniwa ana saratani hupotezewa muda ambao angepona, na mwenye saratani akidhaniwa ana uzee hupotezewa muda ambao angetibiwa.

Picha ya nyuklia ya mifupa ni miongoni mwa vipimo vilivyobuniwa ili kupunguza mashaka ya namna hii. Huonesha mifupa yote ya mwili kwa mkupuo mmoja, tangu fuvu hadi vidole vya miguu, na hubaini mabadiliko mengi mapema kuliko eksirei. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya historia yake nchini Tanzania, kipimo hiki kilikuwa mbali na wakazi wa uwanda wa kati. Swali linaloongoza insha hii ni kwa nini ilikuwa hivyo. Ili kulijibu, insha inafuata safari ya dawa inayotumika katika kipimo, kwa kuwa dawa hiyo ndiyo iliyoamua ni nani apimwe na wapi.

2.0 Namna kipimo kinavyofanya kazi

Mfupa ni tishu iliyo hai. Kila siku seli za aina moja hubomoa sehemu zake zilizochakaa, na seli za aina nyingine hujenga upya kwa kutumia kalsiamu na fosfati kutoka katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, ubomoaji na ujenzi huenda sambamba. Panapotokea mvunjiko, uambukizo au uvamizi wa saratani, mfupa hujaribu kujitengeneza, na kasi ya ujenzi mahali hapo hupanda.

Kipimo hutumia kasi hiyo. Mgonjwa hudungwa mshipani kiasi kidogo cha kiambata cha jamii ya fosfati, ambacho kinachotumika zaidi hufahamika kwa kifupi kama MDP. Kiambata hicho hufungamanishwa na teknetiamu-99m, elementi inayotoa mionzi ya gama. Damu hukisambaza mwilini, nacho hunata juu ya fuwele za madini ya mfupa, hasa pale ambapo ujenzi unaendelea kwa wingi. Baada ya saa 2 hadi 4, takribani nusu ya dawa huwa imeshika mifupani, na sehemu kubwa ya iliyosalia hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hushauriwa kunywa maji mengi na kwenda haja ndogo kabla ya kupigwa picha.

Kisha mgonjwa hulala kitandani na kamera ya gama hupita juu na chini ya mwili wake. Tofauti na mashine ya eksirei, kamera hii haitoi mionzi. Mionzi hutoka ndani ya mgonjwa, na kazi ya kamera ni kuipokea. Bamba la risasi lenye matundu mengi huruhusu mionzi inayokuja kwa mwelekeo mmoja tu. Nyuma ya bamba hilo kuna fuwele ya iodidi ya sodiamu ambayo hutoa mmweko mdogo kila inapopigwa na mionzi, na vifaa vya kielektroniki huhesabu mimweko hiyo na kuonesha ilikotoka. Mahali penye ujenzi mwingi huonekana pameiva kuliko pengine.

Faida yake huonekana kikilinganishwa na eksirei. Kwa kawaida mfupa huhitaji kupoteza takribani asilimia 30 hadi 50 ya madini yake mahali fulani kabla eksirei haijaonesha badiliko hilo waziwazi. Picha ya nyuklia huonesha kazi inayofanywa na mfupa, nayo kazi huanza kubadilika kabla ya umbo. Lakini kipimo hiki kina mipaka yake. Hueleza kwamba mfupa unajenga kwa kasi isiyo ya kawaida, bila kutaja kinachousukuma kujenga. Tena baadhi ya saratani, kama ile ya uboho iitwayo maileoma, hubomoa mfupa bila kuamsha ujenzi wa kutosha, na kwa hiyo huweza kupita bila kuonekana vizuri.

3.0 Chimbuko la kipimo, 1935 hadi 1962

Wazo kwamba mfupa hubadilisha madini yake muda wote lilithibitishwa mwaka 1935. George de Hevesy na mwenzake O. Chiewitz, wakiwa Copenhagen, waliwalisha panya fosforasi yenye mionzi na kufuatilia ilikokwenda. Waligundua kuwa fosforasi iliingia mifupani, na baada ya muda sehemu yake ilitoka ikaachia nafasi nyingine. Mifupa iliyodhaniwa kuwa nguzo tulivu ilidhihirika kuwa ghala linalopokea na kutoa kila siku. De Hevesy alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 kwa kazi yake ya kutumia elementi zenye mionzi kama vifuatilizi.

Miaka miwili baada ya jaribio hilo, mwaka 1937, Carlo Perrier na Emilio Segrè wa Palermo, Italia, waligundua elementi ya 43 katika bamba la molibdenamu lililokuwa limepigwa mionzi huko Berkeley, Marekani. Baadaye elementi hiyo ilipewa jina la teknetiamu, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kilichotengenezwa. Mwaka 1938 Segrè na Glenn Seaborg walitambua aina yake iitwayo teknetiamu-99m. Wakati huo hapakuwa na aliyeiona kama dawa.

Majaribio ya awali ya kupiga picha za mifupa za binadamu yalitumia elementi nyingine, na kila moja ilikuwa na kasoro ya muda. Strontiamu-85, iliyotumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, hupungua nguvu kwa nusu baada ya takribani siku 65. Muda huo ulirahisisha usafirishaji, lakini ulimwacha mgonjwa na mionzi mwilini kwa miezi, hivyo ilitolewa hasa kwa watu ambao tayari walijulikana kuwa na saratani. Mwaka 1962 Monte Blau na wenzake walipendekeza florini-18, ambayo hukimbilia mifupani haraka na kutoa picha nzuri. Nusu yake huisha kwa takribani dakika 110. Hospitali isiyokuwa karibu na mtambo wa kuizalisha haikuweza kuitumia.

Kwa hiyo tabibu wa wakati ule alikuwa kati ya dawa inayokaa mno na dawa inayoondoka upesi mno. Hal Anger wa Berkeley alikuwa amekwisha kuunda kamera ya gama mwishoni mwa miaka ya 1950. Kilichokosekana ni dawa yenye muda unaofaa.

4.0 Jenereta na suluhu ya umbali

Suluhu ilitoka katika maabara ya Brookhaven, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Walter Tucker na Margaret Greene walibuni jenereta ya teknetiamu, na mwaka 1960 Powell Richards akaanza kuitangaza kama chombo cha tiba. Ndani ya jenereta huwekwa molibdenamu-99, ambayo nusu yake huisha kwa takribani saa 66. Molibdenamu hiyo huzaa teknetiamu-99m, ambayo nusu yake huisha kwa saa 6. Maji ya chumvi yakipitishwa ndani ya chombo, huzoa teknetiamu na kuiacha molibdenamu. Baada ya takribani saa 24 teknetiamu nyingine huwa imekusanyika, na kazi hurudiwa.

Wataalamu wa fani hii huita kitendo hicho kukamua, na jenereta yenyewe huiita ng'ombe. Mfano huo haumpi shida msomaji wa Ugogo, ambako ufugaji na kilimo vimeenda pamoja kwa vizazi vingi. Ng'ombe huyu hukamuliwa asubuhi, maziwa yake hayalali, naye mwenyewe hukauka. Baada ya siku 7 hubakiwa na takribani sehemu moja ya sita ya nguvu aliyokuja nayo, na lazima aletwe mwingine.

Mwaka 1971 Gopal Subramanian na John McAfee walionesha kuwa teknetiamu ikifungamanishwa na kiambata cha fosfati huweza kupiga picha nzuri za mifupa, na kufikia mwaka 1975 MDP ilikuwa imepatikana. Tangu hapo kipimo kilienea upesi. Umuhimu wa kihistoria wa jenereta ni kwamba iliitenga hospitali na mtambo. Mama mwenye maisha marefu husafiri, na mtoto mwenye maisha mafupi huzaliwa karibu na kitanda cha mgonjwa. Kinadharia, kuanzia wakati huo kila mji uliofikiwa mara moja kwa wiki na ndege, treni au gari ungeweza kuwa na kipimo hiki.

5.0 Tanganyika na Tanzania katika historia ya mionzi

Ardhi ya Tanzania iliingia katika sayansi ya mionzi mapema. Mwaka 1906, enzi ya utawala wa Wajerumani, mkemia Willy Marckwald alieleza madini mapya ya urani yaliyotoka milima ya Uluguru, Morogoro, na kuyaita rutherfordini kwa heshima ya mwanafizikia Ernest Rutherford. Dodoma nayo ikawa makao ya Idara ya Jiolojia iliyoundwa na Waingereza katika miaka ya 1920, na hadi leo mji huo ndio makao ya taasisi ya jiolojia ya taifa. Katika miaka ya mwisho ya 1970 nchi ilipimwa kwa ndege kutoka angani, na dalili za urani zilifuatiliwa katika maeneo kadhaa, yakiwamo mabonde ya Bahi mkoani Dodoma na Manyoni mkoani Singida. Katika miaka ya 2000 kampuni za utafutaji zilirejea huko.

Uhusiano wa mawe hayo na mada hii ni wa moja kwa moja. Kwa sehemu kubwa, molibdenamu-99 ya hospitali hupatikana kwa kupasua atomu za urani ndani ya mtambo wa nyuklia. Mitambo hiyo ni michache. Barani Afrika, mtambo wa kwanza wa utafiti kusini mwa Sahara ulianza kazi Kinshasa mwaka 1959, na mtambo wa SAFARI-1 wa Pelindaba, Afrika Kusini, ulioanza mwaka 1965, ulikuja kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa molibdenamu duniani. Udhaifu wa mnyororo huu ulionekana mwaka 2009, mtambo wa Chalk River nchini Kanada ulipofungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na mwaka 2010 mtambo wa Petten nchini Uholanzi ukasimama kwa miezi kadhaa. Hospitali za nchi tajiri ziliahirisha vipimo. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba kamera isiyo na dawa ya wiki hiyo ni samani tu.

Kitaasisi, Tanzania ilijiunga na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1976. Sheria ya kinga dhidi ya mionzi ilitungwa mwaka 1983 na kuunda Tume ya Taifa ya Mionzi, kisha Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003 ikaunda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kwa upande wa tiba, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyo katika hospitali ya enzi ya Wajerumani, ilipata hadhi ya taasisi mwaka 1996, na hapo ndipo kamera ya gama iliwahudumia wagonjwa kutoka pande nyingi za nchi. Mawe yaliondoka mapema. Dawa inayotokana na mawe ya jinsi hiyo ilirudi kwa kuchelewa, na iliposhuka ilishukia pwani.

6.0 Dodoma na hesabu ya saa

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba mji huo uwe makao makuu ya nchi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo katika eneo la chuo hicho, ilizinduliwa mwaka 2015. Pamoja na hatua hizo, kwa miongo mingi mgonjwa wa Dodoma, Mpwapwa au Kondoa aliyehitaji picha ya nyuklia ya mifupa alisafiri hadi Dar es Salaam, mwendo wa takribani kilomita 450 kutoka Dodoma mjini. Gharama yake ilikuwa nauli, malazi na chakula cha mgonjwa na ndugu anayemsindikiza. Juu ya hayo kulikuwa na maumivu ya kukaa garini kwa mtu ambaye uti wake wa mgongo ndio unaouma.

Je, isingewezekana dawa isafiri badala ya mgonjwa? Hesabu inatoa jibu. Dawa iliyokwisha kuandaliwa Dar es Salaam ikisafirishwa kwa basi kwa saa 8, hufika ikiwa na takribani asilimia 40 ya nguvu yake. Ikisafiri saa 4, muda unaokaribiana na ule wa treni ya umeme iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, hubaki na takribani asilimia 63. Lakini jenereta ikisafirishwa kwa siku nzima, hupoteza takribani asilimia 22 tu. Kwa hiyo, tangu jenereta ilipopatikana, umbali wa Dodoma haukuwa kizuizi cha kifizikia.

Kizuizi kilikuwa katika mambo yasiyoonekana kwenye orodha ya mitambo. Jenereta huhitaji kuagizwa mara kwa mara kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Huhitaji kibali cha uingizaji na kuondolewa uwanja wa ndege bila kulala forodhani, maana kila siku ya kusubiri huila. Huhitaji mfamasia wa dawa za mionzi, mwanafizikia tiba, fundi wa kamera, daktari msomaji wa picha, na umeme usiokatika. Tena huhitaji wagonjwa wa kutosha waliopangwa ndani ya wiki hiyohiyo, kwani ng'ombe hukauka awe amekamuliwa au hakukamuliwa. Mji mkubwa hutimiza sharti hili la mwisho kwa urahisi. Eneo lenye wakazi waliotawanyika hulitimiza kwa mpango maalumu tu, yaani rufaa za mikoa kadhaa kuunganishwa na siku za vipimo kutangazwa mapema.

7.0 Floraidi: maji ya uwanda na usomaji wa picha

Ilielezwa hapo juu kwamba florini-18 ilichaguliwa mwaka 1962 kwa sababu hukimbilia mifupani. Sifa hiyo ni ya florini ya kila aina, ikiwamo floraidi ya kawaida iliyomo majini. Mfupa hautofautishi floraidi ya sindano na floraidi ya kisima. Sehemu za Bonde la Ufa na maeneo jirani, ukiwamo mkoa wa Singida, zina maji ya ardhini yenye floraidi nyingi inayotoka katika miamba. Mwaka 1964 P. Grech na M. C. Latham walichapisha utafiti kuhusu madhara yake kaskazini mwa Tanganyika. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiwango kisichozidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vya muda vya Tanzania vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, na baadaye kiwango hicho kilishushwa.

Anayekunywa maji hayo tangu utotoni huweza kupata madoa ya kahawia menoni, na kwa baadhi, baada ya miaka mingi, mifupa hunenepa, mishipa inayoishika hukakamaa na mgongo hupinda. Mifupa ya mtu huyo ikipigwa picha ya nyuklia, huweza kufyonza dawa kwa wingi kila mahali, hata figo zikaonekana kwa shida. Sura hiyo hufanana na ile ya saratani iliyosambaa mwili mzima. Vivyo hivyo, kifua kikuu cha mifupa na mivunjiko ya zamani huacha maeneo yaliyoiva yanayoweza kudhaniwa kuwa ni saratani.

Hapa ndipo historia ya mahali inapokuwa sehemu ya kipimo. Daktari aliyejifunza kusoma picha za wagonjwa wa Ulaya huenda asiwe na sababu ya kumuuliza mgonjwa alikunywa maji ya wapi akiwa mtoto. Daktari anayehudumia uwanda wa kati anayo sababu hiyo. Swali moja kuhusu kisima, pamoja na kuangalia meno, eksirei na vipimo vya damu, huweza kumwepusha mtu na hukumu ya saratani asiyokuwa nayo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa teknolojia hii ngeni, mwenyeji hupona iwapo mgeni ataelezwa kwanza habari za nyumba.

8.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba picha ya nyuklia ya mifupa ilizaliwa kutokana na ugunduzi kuwa mfupa hauachi kujijenga, na ilikomaa pale jenereta ilipotatua tatizo la dawa inayokwisha upesi. Suluhu hiyo ilikuwapo kabla ya Chuo Kikuu cha Dodoma na kabla ya Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kilichomfanya mgonjwa wa uwanda wa kati aendelee kusafiri ni mnyororo wa ununuzi, vibali, wataalamu na ratiba, ambao hujengwa taratibu na huvunjika kwa siku moja.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, mpango wowote wa kuimarisha huduma hii katika uwanda wa kati uanze kwa kuhesabu wiki: jenereta itafika siku gani, itakamuliwa na nani, na wagonjwa wa Singida, Manyoni, Kondoa na Mpwapwa watajulishwaje. Kamera inunuliwe baada ya maswali hayo kujibiwa. Pili, fomu ya mgonjwa wa kipimo hiki iwe na nafasi ya kuandika vyanzo vya maji alivyotumia maishani. Nafasi hiyo haina gharama, na kwa wakazi wa uwanda huu inabeba taarifa ambayo kamera peke yake haiwezi kuitoa.